Gitaa la mapajani: amplifaya ya betri au ya valvu?

Hapa Makole, Dodoma, napiga gitaa linalolazwa mapajani, na amplifaya (vikuza sauti) ninazo mbili: Roland Micro Cube ya wati 2, inayokula betri sita ndogo, na ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti) ya wati 5, iliyoundwa kwa mchoro wa Fender Champ, amplifaya ndogo ya zamani.

Kwa utamu, valvu haina mpinzani. Ukitelezesha chuma juu ya nyuzi, noti inavutika, inalia kama zeze la Kigogo, kisha inafifia taratibu. Ukipunguza sauti kwenye gitaa lenyewe, mkwaruzo unaisha. Ila umeme ukikatika, umebaki na sanduku.

Ya betri ina spika ya inchi 5, na ugomvi unaanzia hapo: nyuzi nyembamba zinachoma masikio kama filimbi ya trafiki. Mimi nashusha geini (kitufe cha kuongeza mkwaruzo), nageuza toni kuelekea besi, naweka mwangwi kidogo. Halafu naisukuma kwenye kona ya ukuta, besi inanenepa. (Miaka niliyopoteza nikilaumu nyuzi!)

Nikienda Chamwino kupiga na wazee wa zeze na ilimba (ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba) chini ya mti, nabeba ya betri, haiwafuniki. Ya valvu inabaki mezani. Jirani ameshaizoea.