Mbio za tope za watoto, Bamburi, Mombasa: uzoefu wangu na binti wa miaka sita

Nyanyake alipoona ujumbe wa M-Pesa alishangaa kweli. "Mwalipa elfu na mia tano mkajipake tope? Tope si lipo huku Tudor, maji yakipwa, bure?" Kisha akatoa noti ya mia mbili, akaandikwa kwenye kadi ya mchango ya mjukuu wake. Pesa za mbio hizo zilikuwa za matibabu ya watoto, na hapo nyanya huwa hana ubishi.

Nawapa waandalizi nyota nne kati ya tano. Hiyo shilingi 1,500 ni ya mtoto. Mzazi mmoja anaingia naye bila kulipa. Umbali ni kilomita moja, na njia ya wadogo imetengwa kabisa na ya watu wazima, kwa hivyo hakuna baba wa kilo tisini anayekuja kasi nyuma ya mwanao.

Bamburi yenyewe si nchi ya tope. Chini ni jiwe la matumbawe, ndiyo maana saruji inatengenezwa huko tangu 1954, na juu ni mchanga unaokunywa maji yote. Basi udongo mwekundu uliletwa na lori, maji yakaja na boza. Mimi hilo nililipenda. Tope lililochanganywa asubuhi hiyo si sawa na dimbwi lililotuama wiki nzima. Na kabla ya kundi letu kuingia, kijana mmoja alipitisha reki shimo zima akitafuta mawe na vigae. Fomu nayo iliuliza kuhusu chanjo ya pepopunda, ikabidi nifukue kitabu cha kliniki kabatini.

Wavu wa kutambaa na ukuta wa matairi alivimaliza bila shida. Shimoni ndipo alipogoma. Alisimama ukingoni, mikono nyuma, akasema tope linanuka. Nilitarajia wamnyanyue wamtumbukize, maana foleni ilikuwa ndefu na watu wameshatoa simu kupiga picha. Msichana wa kujitolea aliyekuwa pale akawapitisha wengine pembeni, yeye mwenyewe akaketi ndani hadi kiunoni, akamwambia, "Haya mama, mimi nishakaa. Ukitaka njoo, hutaki tupite huku kwenye majani." Akanyamaza, hakumvuta. Binti akatia kidole kimoja cha mkono, akakinusa, akakipangusa kwenye shavu la yule dada. Dada akacheka. Baada ya hapo kumtoa mle ndani ndiyo ikawa kazi. Nyota tatu kati ya zile nne ni za msichana huyo, na waliomfundisha kazi.

Lawama sasa. Tuliambiwa saa mbili asubuhi, watoto wakaanza karibu saa nne, jua la kaskazi liko utosini na hema ni moja. Mtelezo wa turubai ulimwagiwa sabuni nyingi mno. Watoto kadhaa walitoka wakilia macho. Na la kukera zaidi: bomba la kuogea lilikuwa moja kwa umati wote ule. Tope jekundu likikaukia mwilini linavuta ngozi na mtoto anaanza kujikuna. Nilinunua mtungi wa maji kwa mwenye mkokoteni nje ya geti, nikamwogesha kando ya ukuta, nikamfunga leso. Hata hivyo dereva wa kwanza wa tuktuk alitutazama, akatazama siti zake, akaondoka. Wa pili alikubali baada ya kutandika leso ya pili.

Ukienda, beba leso zote mbili na maji yako. Usimvalishe fulana nzito ya pamba, itakunywa tope na kumvuta chini. Jezi nyepesi ya mpira wa miguu inatosha, na iwe ile usiyoipenda, kwa sababu rangi ile haitoki hata kwa Jik. Viatu viwe vya kamba. Wetu alivaa raba za mitumba za soko la Kongowea, nikazifunga fundo mbili mbili, zikarudi zote. Kandambili zilizobaki shimoni zilikuwa nyingi.

Mwenyewe ameshaniagiza nimwandikishe tena mwakani. Nitalipa, ila kabla ya kutuma pesa nitapiga simu kuuliza mabomba ni mangapi.