Kozi ya ufundi wa magari ya dizeli: uzoefu wangu

Nimemaliza kozi fupi ya vitendo ya magari ya dizeli katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Kwa fundi aliyejifunzia gereji kama mimi, naipendekeza kwa moyo wote. Gereji tumezoea kufungua kwanza. Pale chuoni hushiki spana mpaka useme unashuku nini na umepima nini.

Muda mwingi tulikuwa kwenye 1HZ ya Land Cruiser, injini ya silinda sita isiyo na mambo ya kompyuta. Tuliishusha, tukapima kompresheni, tukaseti valvu, tukaifunga na kutoa upepo kwenye mabomba ya dizeli mpaka ikawaka. Nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini, tulizipima moja moja kwa pampu ya mkono. Nzima inapuliza ukungu laini geji ya presha ikifika baa 150 hivi. Iliyochoka inadondosha matone. Ukiyaona matone yale kwa macho yako, unaelewa kwa nini gari linatoa moshi mweusi hata baada ya kuwekewa filta mpya ya hewa.

Somo ambalo kila fundi angepaswa kulipata ni la komon reli, yaani injini ambazo nozeli zote hupata dizeli kutoka bomba moja la presha kubwa na huongozwa na kompyuta. Injini ikimisi, wengi wetu hulegeza nati ya bomba la nozeli huku inaunguruma, ili tujue silinda ipi haifanyi kazi. Ni mazoea ya pampu za zamani. Kwenye komon reli presha inaweza kupita baa 1,000, na dizeli inayochomoka pale hupenya ngozi hadi ndani ya nyama. Tundu linaonekana dogo, kumbe mtu anahitaji daktari wa upasuaji haraka. Mwenzetu mmoja alipopeleka spana pale, mwalimu alizima injini papo hapo: “Mwanangu, hapa hapalegezwi kitu.” Kisha akatuonyesha kukinga kwa vichupa mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli. Inayorudisha mengi kuliko wenzake, ndiyo ya kuishuku.

Kilichoniudhi ni mashine ya kusomea hitilafu: moja kwa darasa zima, wengine tukabaki kuchungulia nyuma ya mabega ya wenzetu. Kwa ada ile, hapana. Na kama hujawahi kushika injini, anzia kozi ya msingi, maana hapa wanakwenda kasi.

Kabla ya kulipa, uliza wanafunzi wangapi wanagawana injini moja, na uombe kuingia karakana wakati masomo yanaendelea.