Aston Villa ya Emery 2024/25: mzigo mkali, hesabu zinabana

Wadau habari zenu, karibuni tena. Leo siyo simu wala spika wala jezi, leo mezani nimeweka timu nzima, Aston Villa ya kocha Unai Emery, toleo la msimu wa 2024/25, na nitaichambua vilevile navyochambuaga kitu chochote cha dukani, yaani imegharimu shingapi, ndani kuna nini, inadumu au haidumu, alafu nawaambia kama mimi ningeweka hela yangu pale.

Najua wengi mnaniombaga Arsenal na Man United kila siku, watakuja. Villa kwangu ina jambo la moyoni, Januari 2020 walimchukua Mbwana Samatta kutoka Genk, Mtanzania wa kwanza kucheza EPL, ligi kuu ya Uingereza, na kufunga, akaanza na goli kule Bournemouth, alafu Machi mosi fainali ya kombe la Carabao pale Wembley akaruka akapiga kichwa cha chini kikaingia kwa Man City. Wakafungwa 2-1 siku ile lakini aisee kibanda umiza tulichokuwepo kililipuka kama tumebeba kombe. Toka siku ile mimi matokeo ya Villa siyapitishi bila kuangalia, hata baada ya Samatta kwenda Fenerbahce.

Sasa tuanze na bei, maana hapa ndo utamu ulipo. Watu wanasema Villa ni ya matajiri, ni kweli, Nassef Sawiris wa Misri na Wes Edens wa Marekani waliichukua 2018 ikiwa ligi daraja la pili na inadaiwa kodi, nusura ifungwe kabisa. Wakamwaga hela, wakapanda 2019 kwa kuifunga Derby kwenye mchujo, wakabaki. Kwaiyo hela ipo, tatizo Uingereza kuwa na hela hakukupi ruhusa ya kuitumia. Msimu ule kulikuwa na sheria inaitwa PSR, ilisema kwa miaka 3 ukijumlisha hasara zako zisizidi pauni milioni 105, na kulikuwa na vitu uliruhusiwa kuvitoa kwenye hesabu kama matumizi ya akademi, timu ya wanawake na ujenzi. Ukizidisha ulikuwa unakatwa pointi, waulizeni Everton na Nottingham Forest walichokipata msimu wa 2023/24.

Na Villa msimu wa 2022/23 peke yake walipata hasara ya pauni milioni 119.6 kabla ya kodi. Mwaka mmoja huo! Mapato yao yalikuwa kama milioni 218, na mishahara kama milioni 194, sasa piga hesabu mwenyewe, katika kila pauni 10 iliyoingia karibu 9 zimeenda kwenye mishahara, bado hujanunua mchezaji, hujalipa umeme, hujasafiri.

Hapa niwaeleweshe kitu kimoja maana bila hiki huwezi kuelewa kwa nini timu nzuri inauza watoto wake. Mchezaji ukimnunua, kwenye vitabu hiyo hela haihesabiki yote siku moja, inagawanywa kwa miaka ya mkataba, na siku hizi mwisho ni miaka 5. Villa walimchukua Ian Maatsen kutoka Chelsea kwa pauni milioni 37.5, gawanya kwa 5, kwa mwaka inakuja milioni 7.5 tu. Lakini ukimuuza, faida yote inaingia mwaka huohuo. Na kama umemlea mwenyewe kwenye akademi, vitabuni hana gharama, ni kama embe la mti wa uani kwenu, hukununua, ukiliuza sokoni kila shilingi ni faida. Kwaiyo sheria ilikuwa inakusukuma umuuze yule kijana wa nyumbani kuliko yule uliyemnunua kwa bei mbaya akashindwa kucheza. Jack Grealish 2021 alienda Man City kwa pauni milioni 100, mtoto wa pale pale, shabiki wa Villa tangu mdogo. Hilo embe lilikuwa kubwa sana.

Ndo maana Juni 2024 ilikuwa vurugu tupu. Timu imetoka kumaliza ya 4 na pointi 68, imefuzu Ligi ya Mabingwa, mara ya kwanza kurudi kwenye kombe hilo tangu 1982/83, enzi zile ambazo walikuwa mabingwa wenyewe baada ya kuwafunga Bayern 1-0 kule Rotterdam goli la Peter Withe. Yaani hapo ungetegemea sherehe na kuongeza majembe. Badala yake siku za mwisho za mwezi wa 6 wanakimbizana na vitabu vifungwe, Douglas Luiz, moyo wa kiungo, akaenda Juventus, Omari Kellyman aliyekuwa hajacheza hata mechi 10 za wakubwa akaenda Chelsea kwa pauni milioni 19, Tim Iroegbunam Everton. Baadae Moussa Diaby naye Saudia. Mimi Luiz aliniuma zaidi, ukiangalia jinsi alivyokuwa anapokea mpira mgongo ukiwa kwa adui na bado anageuka, ile kitu huipati kirahisi.

Haya tufungue boksi tuone kilichomo. Nyuma Emi Martinez kipa wa bingwa wa dunia, walimtoa Arsenal 2020. Pau Torres beki anayepiga pasi kama kiungo. Boubacar Kamara na Youri Tielemans, sikilizeni vizuri, hawa wawili walikuja BURE, mikataba yao ilikuwa imeisha kule Marseille na Leicester. Amadou Onana ndo wa hela ndefu, kama pauni milioni 50 kutoka Everton. Ollie Watkins mbele, msimu wa nyuma yake alikuwa na magoli 19 na asisti 13 kwenye ligi. Na Morgan Rogers jamani, walimtoa Middlesbrough Januari 2024, ligi daraja la pili, kwa hela ambayo kwa bei za siku hizi ni ya kawaida kabisa, mwaka mmoja baadae anapiga hat-trick, magoli 3 peke yake, dhidi ya Celtic Ligi ya Mabingwa. Huo ndo usajili. Siyo kumpokea mtu airport na mavuvuzela, usajili ni kumuona kabla wengine hawajamuona alafu kuwa na kocha wa kumkamilisha.

Na kocha ndo injini ya bidhaa hii. Oktoba 2022 kocha Gerrard anafukuzwa timu ipo ya 17. Emery akaja, mechi ya kwanza akaipiga Man United 3-1, msimu ukaisha wakiwa wa 7. Wachezaji ni walewale! Tuseme ukweli, asilimia kubwa ya thamani ya kikosi hiki haikununuliwa, ilitengenezwa mazoezini, ile mistari ya mabeki kupanda juu kuwatega watu ofsaidi, ile subira ya kumvuta adui aje kukaba ndo wampite.

Uwanjani basi inafanyaje kazi? Oktoba 2, 2024 Villa Park, Bayern tena, miaka 42 baada ya Rotterdam. Dakika ya 79 Jhon Duran katokea benchi, kaona Neuer katoka golini, kaupiga juu kwa juu, 1-0. Matokeo yaleyale ya 1982. Nilisimama peke yangu sebuleni. Wakamaliza ndani ya 8 bora, wakawatoa Club Brugge kwa jumla ya 6-1, wakakutana na PSG robo fainali, kule Paris Villa wakapigwa 3-1, marudiano wakatanguliwa 2-0 ikaonekana kwisha habari, alafu wakapiga 3 na dakika za mwisho PSG walikuwa wanapumulia mdomo. Jumla 5-4, PSG wakapita. PSG hao hao ndo wakachukua kombe kwa kuipiga Inter 5-0. Kwaiyo mtu asije kuniambia hii timu ilibahatisha.

Lakini sasa udhaifu wake. Januari wakamuuza Duran kwa Al-Nassr, kama euro milioni 77, mtoto waliyemnunua Chicago Fire miaka 2 tu nyuma kwa kama pauni milioni 18. Biashara safi, siwezi kuilaumu. Ila ukishauza ndo ukakope, wakaleta Marcus Rashford, Marco Asensio na Axel Disasi kwa mkopo, wakamnunua Donyell Malen kutoka Dortmund, na UEFA, wasimamizi wa mpira wa Ulaya, wanaruhusu kuandikisha wapya 3 tu katikati ya msimu, wakaandikwa wale wa mkopo, Malen aliyenunuliwa akabaki nje. Asensio alitoa burudani, yale mawili dhidi ya Chelsea yote kwa pasi za Rashford, ningeyaangalia kila siku. Lakini mkopo ni mkopo, msimu ukiisha wamerudi kwao na wewe umebaki na pengo na mishahara uliyochangia. Hapo mimi nawalaumu waliokaa mezani, walijenga nusu ya pili ya msimu kwa vitu vya kuazima.

Sasa mbio za kufuzu. Mwaka ule Uingereza ilipata nafasi ya 5 ya Ligi ya Mabingwa, kwaiyo mpaka siku ya mwisho, Mei 25, watu kibao bado wanagombania. Villa wapo Old Trafford, na Man United ile ilikuwa mbovu kweli. Newcastle nyumbani wanafungwa na Everton 1-0! Yaani Villa walihitaji sare tu. Sare! Martinez akapewa nyekundu kipindi cha kwanza. Wakiwa 10 na bado 0-0, kipindi cha pili Rogers akamnyang'anya kipa mpira akafunga, refa kashapuliza filimbi kabla mpira haujavuka mstari, anaona kipa alikuwa ameshika kwa mikono miwili, na filimbi ikishalia VAR, wale marefa wa video, haiwezi kuingilia. Marudio yalionyesha kipa hakuwa ameudhibiti mpira. Wakafungwa 2-0. Newcastle pointi 66, Villa pointi 66, tofauti ya magoli 21 kwa 7.

Watu wamemalizia hasira zao zote kwa refa na mimi nilikasirika, nilizima TV. Ila nikitulia nakumbuka Ipswich. Ipswich walioshuka daraja, Villa walitoka nao sare 2-2 kwao na 1-1 Villa Park, na hiyo ya Villa Park Ipswich walibaki 10 kuanzia kipindi cha kwanza. Pointi 4 zimebaki pale. Ukitaka kujua kwa nini walikosa nafasi ya 5, rudieni ile mechi ya Februari.

Na gharama yake muielewe kwa namba. Msimu ule kuingia tu Ligi ya Mabingwa unapewa euro milioni 18.62, Europa League, kombe la ngazi ya chini yake, ni milioni 4.31. Kushinda mechi moja kule milioni 2.1, huku ni laki 4 na nusu. Hapo sijagusa hela za TV wala wadhamini. Alafu Tottenham waliomaliza wa 17 wakaingia Ligi ya Mabingwa kwa sababu walibeba Europa, walishinda fainali ni haki yao, ila kwa shabiki wa Villa ilikuwa siku ngumu kumeza.

Julai 2025 UEFA wakaja na yao. Kwao sheria ni nyingine, gharama za kikosi, yaani mishahara, ile gharama ya usajili ya kila mwaka na mawakala, zisizidi asilimia fulani ya mapato, 2024 ilikuwa 80, kuanzia 2025 ni 70. Villa wakapigwa faini ya euro milioni 11, na nyingine milioni 15 zinawasubiri wakivunja makubaliano ya miaka 3. Ndani ya Uingereza walikuwa wamejisaidia kwa kuiuza timu ya wanawake kwa kampuni ya wamiliki haohao, ujanja ambao UEFA hawautambui. Mimi ule ujanja siupendi. Timu ya wanawake siyo stuli ya kupandia. Na Novemba 2025 klabu za EPL zikapiga kura kuachana na PSR, kuanzia 2026/27 wanatumia asilimia 85, ila ukicheza Ulaya bado ile 70 inakubana, kwaiyo kwa Villa unafuu ni mdogo.

Sasa ningeweka hela yangu? Kwa kuangalia mpira, ndiyo, bila kufikiria mara mbili, ilikuwa moja ya timu 3 nilizofurahia zaidi kuziangalia msimu ule. Kwa uimara, hapana, maana mishahara ilipangwa kwa timu inayocheza Ligi ya Mabingwa kila mwaka, na uwanja wa watu 42,000 na kidogo hauwezi kuibeba, walijaribu kufidia kwa tiketi za pauni 70 mpaka 97 usiku wa Ligi ya Mabingwa na mashabiki wakalalamika, na walikuwa na haki. Ningekuwa mimi ningeanza kushusha mishahara ya wale wa benchi 2023, kabla ya kufikiria kuuza.

Maana mjue kilichofuata. Agosti 2025 Jacob Ramsey, kijana wa Birmingham aliyeingia akademi ya Villa akiwa na miaka 6, akauzwa. Alikoenda ni Newcastle, haohao waliowazidi kwa tofauti ya magoli.