Bagamoyo na mjomba: mnara wa walionyongwa na makaburi ya Wadachi

Mwenye haraka anayeuliza kama Bagamoyo inafaa kwendwa nimpe jibu kabisa: nenda. Ila usiende saa saba mchana, na usimchukue mtu wa kukutembeza kwa sababu tu ndiye aliyekuwahi mlangoni mwa daladala. Mimi niliyafanya yote mawili siku moja, tena nikiwa na mzee.

Mzee mwenyewe ni mjomba wangu, mstaafu wa JWTZ, jeshi letu la Tanzania, aliyevuka mto Kagera katika vita na Uganda akiwa na miaka 20, na hadi leo mlango ukibamizwa anageuka mwili mzima. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, anakaa mbele ya televisheni tangu asubuhi, shati limepigwa pasi, na hakuna wa kugusa rimoti. Anajua kila kitu kinachowekwa mnarani na anayekiweka: Rais mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wapiganaji wastaafu shoka. Hilo shoka ndilo analolisubiri. Likishawekwa anaomba chai.

Mwaka huu nikamwambia, "Mjomba, safari hii tusiishie kwenye kioo. Jumamosi twende Bagamoyo tukawaone wa kwanza."

"Wa kwanza gani, mjomba?" (Kwetu mjomba na mpwa wanaitana hivyohivyo, msichanganyikiwe.)

"Waliopigana na Mdachi."

(Mdachi ni Mjerumani, kwa kauli ya wazee.) Akanyamaza, akaenda kutafuta kofia.

Daladala za Bagamoyo zinapatikana Makumbusho. Tulipopita kambi ya Lugalo mjomba akanyoosha mgongo, kama kawaida yake. Likumbukeni jina hilo, litarudi. Baada ya hapo ni Tegeta na foleni yake, Bunju, Mapinga, Kerege, na minazi ikishazidi nyumba ujue umekaribia. Ni kilomita kama 70 kutoka mjini Dar.

Stendi tukadakwa na kijana mmoja mchangamfu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, akatuambia 30,000 kwa wote wawili, mji mzima. Tukakubali. Akaomba dakika 5 akamalize jambo lake. Dakika 5 zikawa 40, na sisi tuko chini ya mwembe na chupa moja ya maji. Nilitaka kumtafuta mwingine, mjomba akakataa: "Tumeshapatana." Jeshi hilo.

Mji Mkongwe nitaupitisha haraka, maana walioandika juu ya milango ya nakshi ni wengi. Boma la Wajerumani la mwaka 1897 lipo, Ngome Kongwe ipo, Karavanserai ipo. Pale Karavanserai ndipo misafara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora ilipokuwa ikitua, na mjomba alikwama kwenye jambo moja tu: mzigo. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa miezi. Akatikisa kichwa. "Begi letu la vita lilikuwa uzito huohuo. Ila sisi tulikuwa na viatu."

Tukashuka kuelekea baharini, jua liko utosini.

Nisiwadanganye, ukifika kwenye mnara wa walionyongwa unaweza kuupita. Hauna bustani ya maana, hauna askari wa gwaride, hauna kibao kikubwa cha kukuelekeza tangu barabarani. Ni nguzo fupi ya saruji yenye maandishi, na maandishi yanasema kwamba hapa ndipo wakoloni wa Kijerumani walipokuwa wakiwanyonga Waafrika waliopinga utawala wao. Basi. Nyuma yake bahari, ngalawa zimeegeshwa kwenye mchanga, na siku ile vijana watatu walikuwa wameuegemea wakila mihogo ya kukaanga.

Kiongozi wetu akapaza sauti: "Hapa ndipo Bushiri aliponyongwa!"

Hapa ndipo nilipokasirika kidogo, maana kama unalipwa kwa kusimulia, simulia kilichotokea. Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, hakunyongwa Bagamoyo. Alinyongwa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Bagamoyo alipigana, na si mbali na mji ndipo ilipokuwa ngome yake ya miti ambayo Wissmann, kamanda wa Wajerumani, aliivamia tarehe 8 Mei mwaka uleule. Bushiri akaponyoka, akaendelea kupigana kwa miezi saba tena. Nilimwambia kijana kwa upole. Akasema, "Ah, wote walinyongwa tu, bro."

Mjomba akamtazama. Hakusema kitu, ila yule kijana akajirekebisha mwenyewe: "Samahani, mzee."

Ikabidi nisimulie mimi. Kwa ufupi ni hivi. Mwaka 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliiachia kampuni ya Kijerumani kazi ya kusimamia pwani na kukusanya ushuru kwa jina lake. Agosti kampuni ikaanza kupandisha bendera yake, na Pangani wakampeleka Emil von Zelewski, mtu mwenye kiburi ambaye wenyeji walimwita Nyundo. Watu wakachoka siku za mwanzo tu. Kutoka Pangani moto ukashika pwani nzima: Bushiri akaja mbele huku, na Saadani akasimama Bwana Heri, ambaye alikaza hadi mwaka 1890, akajisalimisha na hakuuawa. Kampuni ilipozidiwa, serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi: Wanubi kutoka Misri, na wengine waliochukuliwa Msumbiji walioitwa Wazulu. Maofisa ndio waliokuwa Wadachi.

"Na huyo Nyundo je?" mjomba akauliza, ingawa nina hakika alikuwa anajua.

"Alikwenda kuwapiga Wahehe mwaka 1891. Wakammaliza Lugalo, kule Iringa, tarehe 17 Agosti."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Nyundo ilikutana na fuawe!" Ameishi na jina la Lugalo ujana wake wote, amelilinda getini usiku kwa usiku, na alitaka tu kulisikia likitamkwa pale, mbele ya nguzo ile.

Kisha akaacha kucheka. Akaweka kofia sawa, akasimama wima, visigino vimegusana. Wale vijana wa mihogo wakainuka bila kuambiwa. Mmoja akachomoa spika za masikioni. Mkono wa mjomba ukaanza kupanda kwenda kwenye saluti, ukafika kifuani, ukasimama. Akausogelea mnara, akainama akausoma tena, akaupitishia kidole toka mstari wa juu hadi wa chini kama mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani.

"Mjomba, hapajaandikwa mtu."

Kweli, hakuna jina hata moja. Hata idadi haipo. Yeye ana rafiki yake amelala Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vya Kagera. Amekwenda kumwona mara mbili, na kaburi lake analijua. Pale Bagamoyo hakujua ampigie nani saluti. Mwishowe aliipiga, ndefu, macho hayako kwenye nguzo, yako baharini.

Sasa makaburi ya Wadachi. Hayako mbali na mnara, unatembea tu. Ni kiwanja kidogo kilichozungushiwa ukuta, makaburi yapatayo 20, mengi ya wanajeshi waliokufa wakati wa vita hivyohivyo, kwa risasi au kwa homa. Na hapa kila mtu ana jiwe lake. Jina, tarehe, cheo. Mjomba alichuchumaa kwenye jiwe moja, akafikicha ukoga kwa dole gumba ili aone herufi, akalisoma lile jina la Kijerumani silabi kwa silabi kama anasoma Kiswahili. Kuna neno lilikuwa linajirudia jiwe hadi jiwe. Akaniomba nilitafute kwenye simu. Nikamwambia maana yake ni "alifariki".

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Nilidhani angewachukia. Hakuwachukia. Alikuwa anafanya hesabu za umri, na kila akipata jibu anaguna. Kisha akamgeukia yule kijana wetu na kumuuliza swali ambalo nadhani hajawahi kuulizwa na mtalii: "Na Wanubi wako wapi? Mnasema wao ndio waliopigana. Waliokufa walizikwa wapi?" Kijana akaangalia ukuta, akaangalia viatu vyake. Mawe tuliyoyasoma yote yalikuwa ya Kijerumani.

Mimi pale ndipo nilipoona kasoro kubwa ya mahali hapa, na ni kasoro inayorekebishika. Mtu anayetoka mnarani kwenda makaburini anaondoka amejua majina ya waliokuja na hajui jina la hata mmoja wa wenye mji. Mgeni hatajua kwamba kulikuwa na Bwana Heri. Kibao kimoja cha maelezo kingetosha, chenye mwaka 1888, majina mawili matatu yanayojulikana, na ramani ya Saadani, Bagamoyo na Pangani. Na benchi. Kwa jina la Mungu, benchi moja chini ya kivuli. Wanaokwenda kwenye kumbukumbu za vita ni wazee, na mzee hawezi kusimama saa nzima kwenye mchanga wa saa saba. Chupa za plastiki nazo zilikuwa nyingi, ingawa mjomba aliokota kama sita akazitia kwenye mfuko wa mihogo wa wale vijana, nao wakaona haya wakaokota zilizobaki.

Tukamalizia misheni ya Kikatoliki, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Hapa utapata kivuli, njia ya miembe mikubwa, makumbusho yenye maelezo, na mtu wa kukueleza anayejua anachosema. Nilikuwa nimeiweka safari hii iwe ya mashujaa tu, sikutegemea misheni ingeingia humo, lakini ndiyo iliyomshika mjomba kuliko boma na ngome. Kuna mnara wa kanisa la zamani ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa usiku wa tarehe 24 Februari 1874. Alikuwa amekufa Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Waafrika waliokuwa naye, Chuma na Susi wakiwa mbele, waliuzika moyo wake kulekule, wakaukausha mwili, wakaufunga kwenye magome ya mti, wakaubeba kwa miguu hadi pwani. Miezi kwa miezi. Baadaye akazikwa London, Westminster Abbey.

Mjomba alimsikiliza mama aliyekuwa akitueleza, kofia mkononi. "Walilipwa?" akauliza. Mama akacheka, akasema swali hilo huulizwa na Watanzania tu. Mjomba hakucheka. "Kumrudisha mwenzako kwao, mama, hata usipolipwa unamrudisha. Sisi tuliwabeba."

Kwetu hajawahi kusimulia kwamba aliwabeba watu.

Kwa hiyo nyota: misheni naipa nne na nusu. Makaburi ya Wadachi tatu na nusu, kwa kuwa yanasomeka. Mnara wa walionyongwa sijui niupeje. Kwa utunzaji ni mbili. Kwa kilichonipata pale, sina nyota za kutosha. Huduma ya kutembezwa ni moja na nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu kijana mwishoni alimwita mjomba "afande" na kumsindikiza hadi stendi akiwa amembebea mfuko. Ukitaka mtembezaji, bora ukaulize kwenye ofisi ya Mambo ya Kale pale Karavanserai kuliko kuokotwa stendi. Fika asubuhi saa mbili, anza baharini kabla jua halijapanda, misheni iache ya mchana. Beba maji zaidi ya unavyodhani. Ukimaliza, soko la samaki lipo karibu na pweza wa kukaanga hana mpinzani, ila mkumbushe muuzaji asizidishe pilipili kama una mzee.

Kwenye daladala mjomba alikaa dirishani, hakusema kitu Kerege, hakusema Mapinga. Nilidhani amelala. Tulipofika Bunju akanigusa goti.

"Mjomba, nauli ya Pangani ni shilingi ngapi?"