Gemu za bure za kivinjari ninazowafungulia watu hapa Langoni

Nina saiba ndogo Langoni, mjini Lamu. Asubuhi watu huja kuchapisha fomu na kutoa kopi. Jioni, watoto wakitoka madrasa, swali ni moja tu: "Kuna gemu?" Kwa hivyo nimezichunguza gemu za bure, zile zinazofunguka ndani ya kivinjari bila kupakua kitu, na nina mambo yangu ninayoyaangalia: inakula bando kiasi gani, inaomba namba ya simu au haiombi, na mtoto akigusa pembeni kwa bahati mbaya anapelekwa wapi. Hili la mwisho linaniuma sana. Kuna kurasa zinajiita za bure, lakini ukizifungua unakuta vitufe kadhaa vya "Cheza", kimoja ndicho cha gemu, vilivyobaki ni vya kamari. Hizo kwangu hazifunguliwi.

Ya kwanza ninayoisifu bila kusita ni Lichess, ya sataranji. Ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa, Thibault Duplessis, na mpaka leo inaendeshwa kwa michango ya watu. Haina tangazo hata moja. Unaweza kucheza bila kujisajili: bonyeza, chagua muda, mpinzani anapatikana. Anayetaka kucheza na mwenzake aliye Mokowe anamtumia kiungo, basi. Kompyuta yenyewe ina ngazi 8, na ya kwanza ni laini kiasi kwamba mtoto anayejifunza leo anaweza kushinda. Mchezo ukiisha, unaomba uchambuzi, inakuonyesha hatua uliyoharibu na ile iliyokuwa bora. Aliyechanga pesa na asiyechanga wanapata mambo yale yale. Tofauti ni alama ya bawa kando ya jina la mchangaji. Naipenda heshima hiyo.

Lakini hapa kwetu sataranji si mchezo wa baraza. Mchezo ni drafti. Ndiyo maana Lidraughts imekuwa na wateja wengi kwangu kuliko nilivyotarajia. Imejengwa juu ya msimbo ule ule wa Lichess, nayo ni bure, haina matangazo. Ami yangu mmoja, nahodha mstaafu, alikuja kuchapisha karatasi zake akaiona kwenye skrini ya kijana.

"Ubao gani huu mkubwa hivi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Ukiingia bila kuchagua, unapewa drafti ya kimataifa: ubao wa 10 kwa 10, kila mmoja kete 20. Nikamgeuzia kwenye drafti ya Kirusi: ubao wa 8 kwa 8, kete 12, kingi (kete iliyofika mwisho wa ubao) anaruka mbali atakavyo, na kete ya kawaida inaruhusiwa kula nyuma. Hapo akavuta kiti. Kuna pia ya Kibrazili, inayofanana nayo sana ila inakulazimisha kufuata njia ya kula kete nyingi zaidi. Katika Kirusi unachagua njia uitakayo. Punde ami akawa anabonyeza kete, haiendi.

"Mbona haisogei?"

"Una ya kula upande ule, ami. Kula ni lazima."

Akaitazama, akaila, akacheka. "Basi huyu ni mwamuzi asiyependelea mtu." Barazani jambo hilo hilo lingezua ubishi wa kikombe kizima cha kahawa.

Mtandao ukiyumba, nina mbili za akiba. 2048 iliandikwa mwaka 2014 na kijana wa Kiitalia, Gabriele Cirulli: ubao wa 4 kwa 4, unasukuma namba, zinazofanana zinaungana, 2 na 2 ni 4, 4 na 4 ni 8, mpaka ufike 2048. Siri yake ni kuiweka namba kubwa kwenye pembe moja na kutoitoa hapo. Ukurasa ukishafunguka, inaendelea hata intaneti ikikatika. Na yule dinosaria wa Chrome hahitaji intaneti kabisa. Anatokea pale pale unapoambiwa hakuna mtandao, unabonyeza anaruka miiba. Wadogo wanampenda. Mimi namwona wa kupoteza dakika chache tu.

Slither.io, ya nyoka wanaokua kwa kula vidonge vya rangi, inachangamsha chumba kizima, na ni kweli ni bure. Ila inategemea mtandao ulio imara. Hapa ukikwama kidogo tu, nyoka wako anaendelea mbele bila wewe na kugonga wenzake. Siipendekezi jioni, kila mtu akiwa mtandaoni.

Kinachonikera ni bao. Tafuta bao mtandaoni, utaletewa "mancala", na nyingi nilizozifungua ni zile za safu mbili, mashimo 6 kila upande na ghala mwishoni. Hilo si bao letu. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, kete 64, na kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi, 6 kwenye nyumba, lile shimo lake kuu, na 2 katika kila moja ya mashimo mawili ya pembeni yake. Kuna namua, unapoingiza kete za mkononi, kisha mtaji, zikishaisha; kuna kutakata, yaani kucheza bila kula; kuna uamuzi mzito wa kuicheza nyumba au kuiacha ilale. Gemu inayokosa nyumba imekosa bao lenyewe. Vijana wetu wanaojua kuandika programu, wa hapa, wa Malindi na wa Mombasa, wangelitengeneza lile la kweli, la kivinjari, jepesi, lisilo na matangazo. Wazee wa kulijaribu na kusahihisha sheria wapo hapa, na kompyuta nitawawekea bila malipo.