Kitabu cha maswali na majibu, au picha?

Kwa watoto wa Komunyo ya Kwanza hapa vigangoni Masasi, mimi nachagua picha. Kompendio ya Katekisimu, yaani kitabu cha muhtasari wa mafundisho ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 2005, ina maswali 598 yenye majibu mafupi. Inamfaa sana katekista anapoandaa somo, na vijana wa Kipaimara pia. Lakini mtoto wa miaka 9 hukariri jibu kama kasuku.

Juzi nilitundika chini ya mkorosho picha ya Yesu mfufuka akiumega mkate Emau, mbele ya wanafunzi wawili aliotembea nao njiani. Binti mmoja akaigusa ile mikono, akauliza, "Mwalimu, mbona njiani hawakumtambua?" Swali hilo likatupa somo zima.

Kweli, picha huharibika kwa mvua. Na msimu wa korosho, familia zikihamia mashambani, kitabu ndicho kinachobebeka.