Uzoefu wangu wa tiba ya viungo baada ya upasuaji wa kifundo cha mguu

Nilivunjika kifundo cha mguu wa kulia upande wa ndani na wa nje, nikafanyiwa upasuaji wa kuunganisha mifupa kwa bamba la chuma na skrubu. Kuhusu upasuaji wenyewe sina mengi ya kusema, kwani ulikwenda vizuri na kidonda kilifunga bila usaha. Ninachotaka kukieleza ni tiba ya viungo iliyofuata, kwa sababu ndiyo iliyonirudishia mwendo, ilhali niliruhusiwa kwenda nyumbani nikiwa na agizo moja tu: nisikanyagie mguu huo kwa wiki 6.

Wiki hizo zote nilitembelea magongo nikiamini kwamba kupona ni kutulia. Hakuna aliyeniambia nichezeshe vidole, nikaze misuli ya paja, wala nilale mguu ukiwa umeinuliwa juu ya usawa wa moyo ili uvimbe upungue. Jambo hili linaniuma hadi leo, maana ni maelezo ya dakika 5 ambayo mgonjwa anastahili kupewa kabla hajatoka wodini.

Nilipofika kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, kwanza alizungushia tepe mashavu ya miguu yote miwili, nikaona kwa macho yangu kwamba ule wa kulia ulikuwa umepungua sentimita 3. Kisha aliniketisha na kuniomba nivute wayo kuelekea kwangu, nao ukagoma kabisa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maumivu, lakini kumbe tatizo kubwa lilikuwa ukakamavu: kifundo kilikuwa kama bawaba iliyoshika kutu.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote katika majuma ya mwanzo lilikuwa la mizani ya kawaida ya kupimia uzito. Nilisimama nikishikilia meza, mguu mzima ukiwa juu ya kibao kilicholingana kimo na mizani na ule mgonjwa ukiwa juu ya mizani yenyewe, kisha nikaukandamiza polepole mpaka mshale ukafika kilo 10, nikatulia hapo ili mwili uzoee kiasi hicho. Baada ya siku chache tulipanda hadi 20, halafu nusu ya uzito wangu. Hofu iliniondoka kwa sababu badala ya kukisia nilikuwa nasoma namba. Nilipobakiwa na gongo moja nilielekezwa kulishika kwa mkono wa upande wa mguu mzima, kinyume cha nilivyodhani, na mwendo ukanyooka siku hiyohiyo. Kwenye ngazi nilifundishwa kutanguliza mguu mzima ninapopanda, na mguu mgonjwa ninaposhuka.

Maendeleo yalipimwa kwa ukuta. Unasimama ukiuelekea, unakunja goti mpaka liuguse bila kisigino kuinuka, kisha unapima umbali kutoka kidole gumba cha mguu hadi ukutani. Mguu wangu wa kushoto ulifika sentimita 11. Wa kulia, siku ya kwanza, goti halikuugusa ukuta hata nilipogusisha kidole. Mwezi wa tatu nilifika 4, na wa sita nikafika 8. Katikati ya safari hiyo kulikuwa na kukanda kovu kwa mafuta lilipokwisha kukauka, kuinua visigino vyote viwili na hatimaye kimoja, pamoja na kusimama kwa mguu mmoja macho yakiwa yamefungwa, zoezi ambalo lilinionyesha jinsi kifundo kilivyosahau kazi ya kuutuliza mwili.

Huduma hii ilikuwa na dosari pia. Mwezi wa nne nilihamishiwa kwa mtaalamu mwingine ambaye hakusoma maandishi ya mwenzake, akanirukisha kwa mguu huo kabla sijaweza kuinua kisigino kimoja hata mara 5. Jioni yake mguu ulivimba nikashindwa kuvaa kiatu, na nikapoteza wiki nzima ya mazoezi. Niliomba kurudishwa kwa yule wa kwanza, na ombi langu likakubaliwa bila ubishi, jambo ninalolishukuru.

Sasa ni mwezi wa tisa. Natembea bila kuchechemea, ingawa nikisimama siku nzima uvimbe hurudi jioni na ganzi ndogo imebaki kando ya kovu. Kwa tiba yenyewe natoa alama 9 kati ya 10, na kwa maelezo niliyopewa siku ya kuruhusiwa, 2. Zoezi la ukuta nalifanya kila asubuhi kabla ya kuvaa viatu. Jana nilipima sentimita 9.